Naomba ushauri: namna ya kukadiria gharama ya kokoto za njia ya gari nyumbani

Mwanzisha uzi (Goba, Dar es Salaam)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninakusudia kumwaga kokoto kwenye njia ya gari inayotoka getini hadi barazani, yenye urefu wa mita 24 na upana wa mita 3.5, kabla masika hayajaanza, kwa sababu kila mvua ikinyesha magurudumu huchimba mitaro miwili na maji hutuama humo kwa siku kadhaa. Eneo lina mteremko mdogo kuelekea getini, na udongo wake ni mwekundu wenye mchanga.

Nimepata bei mbili za kokoto za robo tatu inchi kutoka machimbo ya Lugoba, mkoani Pwani. Muuzaji wa kwanza anataka shilingi 420,000 kwa lori moja analoliita la tani 7, mzigo ukifikishwa nyumbani. Wa pili anauza kwa mzani, shilingi 68,000 kwa tani, usafiri ukiwa ndani ya bei hiyo. Kwa hesabu ya haraka wa kwanza ananiuzia tani moja kwa shilingi 60,000, hivyo anaonekana nafuu. Fundi wangu anasema malori mawili yatatosha, ila hajanieleza idadi hiyo ameipataje. Naomba anayeielewa hesabu hii anielekeze.

Mchangiaji kutoka Kibaha

Mkuu, weka pembeni bei zote mbili kwanza, ujue unahitaji ujazo gani. Zidisha urefu kwa upana, utapata mita za mraba 84. Tabaka la juu la kokoto linatosha likiwa na unene wa sentimita 5, yaani mita 0.05, ukizidisha kwa 84 unapata mita za ujazo 4.2. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya zitakazozama ardhini na zitakazotawanyika, ufike kwenye 4.6 hivi. Mita moja ya ujazo ya kokoto kavu zilizomwagwa bila kushindiliwa huwa na uzito wa karibu tani 1.5, kwa hiyo mahitaji yako ni takriban tani 7. Usishawishike kuongeza unene ukidhani njia itakuwa imara zaidi, kwa kuwa tairi hudidimia kwenye kokoto nyingi zisizoshikana, na gari dogo hupata taabu kupanda hata mteremko mdogo kama wako.

Sasa njoo kwenye lori. Jina "lori la tani 7" linaeleza uwezo wa gari na si mzigo uliomo, nami naona hapa ndipo wajenzi wengi wanapopoteza fedha. Chukua futi kamba, pima bodi kwa ndani: urefu, upana, na kimo cha mzigo baada ya vibarua kuusawazisha kwa koleo, usipime mpaka kwenye kilele cha katikati. Pima lori likiwa limefika kwako na kabla halijainua bodi, kwa maana mzigo hushuka kidogo njiani kwa mtikisiko, na uliopo mlangoni ndio unaoununua. Kwa muuzaji wa pili, dai karatasi ya mzani inayoonyesha uzito wa gari tupu na uzito wake likiwa na mzigo, na ikiwa kokoto zimelowa, ujue kwamba sehemu ya tani hizo ni maji.

Mchangiaji, fundi wa barabara za mitaa

Hesabu ya ndugu wa Kibaha ni sahihi, lakini inahusu tabaka la juu peke yake, na kokoto zikimwagwa moja kwa moja juu ya udongo uliokwisha kulainika zitapotelea humo katika msimu mmoja wa mvua. Njia yako inahitaji msingi. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, kisha weka moramu (udongo wenye changarawe unaotumika kujengea barabara) yenye unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Hizo ni mita za ujazo 12.6, na kwa kuwa moramu hupungua ikishindiliwa, agiza kama asilimia 30 zaidi, yaani 16.4 hivi. Kwa vyovyote vile, malori mawili ya fundi wako hayawezi kuwa yamehesabu msingi huu.

Moramu imwagwe kwa awamu mbili, kila awamu inyunyiziwe maji na kupitishwa kompakta (mashine ya kushindilia), kwani ukimwaga yote kwa pamoja itakaza juu huku chini ikibaki legevu. Upande wa katikati uwe juu kuliko kingo kwa takriban sentimita 7, ili maji yateremke pembeni badala ya kufuata njia za magurudumu. Kazi hii ya kushindilia na kukodi kompakta ina bei yake, nawe uiandike kwenye makadirio tangu leo.

Usisahau kingo. Bila kizuizi pembeni, kokoto huhamia kwenye bustani. Tofali za inchi 6 zilizolazwa kwa urefu pande zote mbili zinatosha kabisa: mita 48 zitakula tofali zipatazo 100, kabla ya kuhesabu zitakazovunjika.

Mchangiaji kutoka Kitengela, Kenya

Naongeza jambo moja kwa wanaosoma uzi huu wakiwa na udongo mweusi wa mfinyanzi kama wetu wa huku. Udongo huo hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, hivyo msingi wa sentimita 15 hautoshi. Tunauchimba na kuutoa, kisha tunajaza mawe makubwa kabla ya moramu. Gharama ya kuchimba na kusomba udongo huo yaweza kuipita ile ya kokoto zenyewe. Mwenzetu wa Goba ana bahati katika hili.

Mwanzisha uzi

Nawashukuru sana. Muuzaji wa kwanza aliniruhusu kupima lori lake lilipokuwa limepakiwa kwa ajili ya mteja mwingine. Bodi lina urefu wa mita 3.5 na upana wa mita 2, na mzigo uliosawazishwa ulifika kimo cha nusu mita. Hiyo ni mita za ujazo 3.5, sawa na tani 5.25 tu, kwa hiyo bei yake halisi ni shilingi 80,000 kwa tani. Tena lori moja halinitoshi, na mawili yangenigharimu shilingi 840,000 na kuniachia kokoto nyingi zisizo na kazi. Tani 7 za muuzaji wa pili zitakuwa shilingi 476,000, na tofauti inayobaki, shilingi 364,000, nitaielekeza kwenye moramu.

Nina swali moja la ziada. Fedha zangu hazitoshi kukamilisha yote kwa pamoja. Je, ninaweza kuanza na moramu na kingo, kisha nikamwaga kokoto baada ya masika?

Mchangiaji, fundi wa barabara za mitaa

Inawezekana, na mimi binafsi ningependa ufanye hivyo, alimradi moramu ishindiliwe vizuri na ule mwinuko wa katikati uwepo kabla ya mvua. Acha matundu kwenye mstari wa tofali kila baada ya mita kadhaa ili maji yapate pa kutokea. Mvua na gari lako zitakuonyesha sehemu zilizo legevu. Utazijaza na kuzishindilia upya, kwa hiyo bakiza moramu kidogo karibu na geti. Pia mwulize muuzaji kama lori lake litafika barazani, kwa sababu likimwaga nje ya geti utalipa vibarua wa toroli kusogeza tani zote 7. Bei ya kokoto iulize tena siku hiyo hiyo ya kuagiza.