Mjadala: Unga tunaopeleka makao ya watoto kila Krismasi ni sadaka, au tunatuliza dhamiri?

Mwanzilishi wa mjadala, Eastlands

Bwana asifiwe, ndugu na dada. Huu ni mwaka wa sita nikiwa mweka hazina wa ushirika wetu. Kila Desemba michango huingia kwa M-Pesa yangu, nanunua unga, mchele, mafuta ya kupikia, sabuni na pampasi, tunakodi matatu ya watu kumi na wanne na kwenda makao ya watoto. Mwaka huu nimewaambia wenzangu siendi. Waliponiuliza sababu, nilibabaika. Acheni niieleze hapa, mnipinge mnavyotaka.

Desemba 2024 tulifika saa nane mchana. Kundi lingine lilikuwa ndiyo kwanza linatoka, na watoto hawakuwa wameinuka kwenye viti vya plastiki walivyopangiwa na wageni hao. Tulipoingia walianza kuimba hata kabla ya salamu. Kijana wa miaka kama saba alimshika mke wangu mkono, akamwongoza hadi kwenye ukuta uliochorwa upinde wa mvua, akasimama mbele yake na kutabasamu. Hakuna mtu aliyekuwa ametoa simu. Alijua tu mgeni akija husimamishwa pale. Nikabeba mzigo hadi stoo, nikakuta bale za unga zimepangwa hadi usawa wa dirisha. Niligeuza pakiti moja nikasoma tarehe: mwisho wa kutumika, Machi. Mama mpishi akaniambia polepole, "Mwezi wa tano njooni hata na robo ya hii."

Mwezi wa tano hatukwenda.

Lakini kilichonivunja kilikuwa nyumbani. Dada aliyekuwa akitusaidia kazi alikuwa ameshafunga begi aende kwao Kakamega. Nilikuwa sijamlipa mshahara wa Novemba. Akaniambia, "Baba, hata nusu tu. Nauli imepanda." Mimi niliyetoka kutoa 5,000 zangu kwa watoto nisiowajua majina nikamwambia avumilie hadi Januari. Nikampa leso na kilo mbili za sukari ampelekee mamake. Nikaziita zawadi ya Krismasi.

Nilikuwa nikimlipa 9,000 kwa mwezi. Agizo la mishahara la 2022 lilisema mfanyakazi wa ndani Nairobi asipungukiwe na 15,201.65, na kuanzia Novemba 2024 ikawa 16,113.75. Nimepiga hesabu ya mwaka ule mmoja. Pengo ni shilingi 76,244.

Ndiyo maana nauliza. Zakayo katika Luka 19:8 alitaja watu wa aina mbili: "Nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Ni baada ya kuyasema yote mawili ndipo Yesu aliposema wokovu umefika nyumbani humu. Sisi tumeshika lile la maskini, lile la tuliowadhulumu tumelifumbia macho. Naamini hatia inayotuuma Desemba ni ya kweli. Ila tunaipeleka kwa mtu asiyetudai chochote, kwa sababu yeye atatuimbia, na anayetudai atatutazama machoni.

Mchangiaji wa Kariobangi, aliyelelewa makaoni

Kaka, mimi ni mmoja wa wale waliokuwa wakiimba. Nilikaa miaka tisa, na nakuomba usiwakatishe watu tamaa. Huo unga nimeukula. Mtoto mwenye njaa hamuulizi mpishi nia yake. Kama mtu alikuja kwa sababu dhamiri ilimsumbua, basi ilinifaa ilivyomsumbua.

Lakini kuhusu ule ukuta umesema kweli. Kwetu sisi ulikuwa mti, mparachichi. Na mwezi wa tano umesema kweli pia. Tukila githeri ya mwezi wa tano ungehesabu maharagwe kwenye sahani.

Kuna jambo hujalitaja. Mimi sikuwa yatima wa kukosa mtu. Nyanya yangu alikuwa hai Machakos, na mjomba pia. Nilipelekwa kule kwa sababu kule ndiko kulikokuwa na chakula na karo. Nyanya alikuja kuniona mara mbili kwa miaka tisa, nauli ilimshinda. Bale moja kati ya zile za stoo ingekuwa inafika kwake kila mwezi, ningekulia kwake. Desemba zote zile, hakuna mgeni hata mmoja aliyeniuliza kama nina nyanya.

Afisa wa ustawi wa jamii, Nairobi

Huyu kijana amegusa penyewe. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mwaka 2022 ukazinduliwa mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kwenye familia na jamii. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inayachukulia makao kuwa kimbilio la mwisho na la muda. Sisi wa kazi hii tunajua penye wageni wengi na zawadi nyingi ndipo mzazi aliyeshindwa na kodi ya nyumba humpeleka mtoto, na si kwamba hampendi. Kumrudisha kwa shangazi ni kazi ya miezi: kutembelea, kuandika ripoti, kumsaidia shangazi na godoro na yunifomu. Sijawahi kuona kanisa likichangisha godoro la shangazi.

Mchungaji, Kasarani

Ndugu mweka hazina, nimekusoma kwa upole wote, nami nakuonya kwa upendo. Unajihukumu. Waefeso 2:8-9: "Mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Ukianza kupima wokovu kwa 76,244 umerudi kule kulikomfanya Martin Luther aandike hoja zake 95 mwaka 1517, watu walipokuwa wakinunua vyeti vya msamaha kwa sarafu. Warumi 8:1 inasema hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu.

Tena hatia ni moto wa makaratasi. Unawaka sana na kuzimika upesi. Ndiyo maana Mei hamkwenda: mlishatulia. Anayetoa kwa shukrani hatulii, kwa sababu shukrani haina siku ya mwisho. Paulo anasema "si kwa huzuni, wala si kwa lazima." Mfundishe mtu neema, mwezi wa tano utajileta wenyewe.

Mama wa jumuiya, Umoja

Tumsifu Yesu Kristo. Mchungaji, hapo kwa Luther sisi Wakatoliki husingiziwa sana, kwa hiyo niseme kidogo. Biashara ile ya vyeti Mtaguso wa Trento wenyewe, mkutano mkuu wa maaskofu wetu wa karne ile ile, uliipiga marufuku. Na tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu. Kwenye Biblia yetu kuna Yoshua bin Sira 3:30, kwamba maji huzima moto, na sadaka hupatanisha dhambi. Lakini katekista wangu alitufundisha kwamba toba ina majuto, ina kuungama, na ina malipizi. Ukiungama umeiba kuku wa jirani, padri hakwambii ukampe kuku mtoto wa mitaani. Anakwambia mrudishie jirani kuku wake. Hakuna sala inayokuondolea hilo.

Kwa hiyo mweka hazina hajaikosa neema. Amekumbuka kuku ni wa nani.

Mchangiaji wa Zimmerman

Mbona mnawaandama wadogo? Kanisani pesa kubwa ndizo zisizoulizwa. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kuzikataa na kuzirudisha shilingi milioni 2.6 alizotoa Rais kwenye kanisa la Soweto, pamoja na 200,000 za gavana. Siku ile nililia. Niliona kumbe kapu la sadaka linaweza kukataa.

Mfanyabiashara wa mitumba, Gikomba

Mimi nitasema lisilopendeza. Hiyo 16,113.75 mimi mwenyewe siipati miezi mingine. Nina watoto watatu, natoka nyumbani saa kumi usiku kuwahi bale likifunguliwa. Bila yule msichana siendi sokoni, na tusipokwenda sokoni sote hatuli, yeye naye. Namlipa 8,000, analala kwangu, anakula ninachokula, akiugua nampeleka hospitali. Mkisema sheria ifuatwe hadi senti, wanawake wengi kama mimi tutawarudisha hawa wasichana ushago, na huko hawatapata hata hiyo 8,000. Kisha mniambie Mungu hapokei 500 zangu za Krismasi? Yule mjane wa Marko 12 alitoa senti mbili, na Yesu hakumuuliza kama ana deni.

Mwanzilishi wa mjadala

Mama wa Gikomba, shikamoo. Maneno yako nimeyasoma mara tatu na sina jibu la kuyamaliza. Usiku wako na wangu si sawa. Mimi nilikuwa na uwezo. Nilikuwa nimetoka kununua seti ya televisheni mwezi wa kumi. Wewe na dada huyo mnabebana, na sithubutu kusema Mungu hapokei 500 zako. Nauliza moja tu: tarehe ya mshahara ikifika, humpa bila yeye kukuomba? Kwa sababu lililoniuma zaidi ya lile pengo ni kwamba alilazimika kunibembeleza kwa kitu ambacho tayari kilikuwa chake.

Mchungaji, nakushukuru, na kuhusu moto wa makaratasi umenishinda. Ni kweli Mei tulikuwa tumetulia. Lakini endelea na mstari wa kumi: tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema." Wala sitafuti kulipia mbingu. Kama kweli nimesamehewa, mbona niliogopa kumpigia simu dada huyu mwaka mzima? Aliyesamehewa angekuwa wa kwanza kupiga. Neema uliyonihubiria nadhani ndiyo iliyonipa nguvu ya kufungua hesabu.

Mfanyabiashara wa mitumba, Gikomba

Marahaba. Mshahara humpa tarehe 3, bila kuombwa. Hilo silichezei. Mamangu alifanya kazi za nyumba Parklands miaka kumi na minne, nami najua alivyokuwa akirudi mwisho wa mwezi mikono mitupu, anatwambia "wamesema kesho."

Mchungaji, Kasarani

Hapo kwa simu umenigusa. Mstari wa kumi sikuuacha kwa makusudi, ila ni kweli huwa naishia wa tisa. Swali langu linabaki: makao utawaambia nini? Wale watoto wa mwaka huu hawakukukosea.

Mchangiaji wa Kariobangi, aliyelelewa makaoni

Nami nataka kujua hilo. Usije ukalipa deni lako kwa sahani zao.

Mwanzilishi wa mjadala

Hapana, ndugu yangu. Nilizungumza na mama mpishi jana. Kasema Desemba hii tayari wana makundi manne yaliyothibitisha. Ushirika wetu unakutana Jumapili baada ya ibada ya pili, na nitapendekeza mchango ule ule ugawanywe: sehemu iende Februari, Mei na Agosti, bila matatu ya kukodi na bila picha. Nyingine tumuulize afisa wa watoto ni familia gani inasubiri godoro ili mtoto arudi. Wengine watapinga, maana ile safari watu wanaipenda, na watoto wetu wenyewe huisubiri mwaka mzima. Kama una nafasi Jumapili, njoo uwaeleze habari za nyanya yako. Wewe watakusikiliza kuliko mimi.

Mama wa jumuiya, Umoja

Na yule dada wa Kakamega? 76,244 umeiandika wewe mwenyewe hapo juu. Umempigia?

Mwanzilishi wa mjadala

Nilimpigia Jumanne. Yuko Ruaka sasa, kwa watu wengine. Mshahara wa Novemba nilimtumia Januari ile, hakurudi kwangu, na sikumlaumu. Nilimwomba msamaha, nikamwambia hesabu yote, senti kwa senti. Akanyamaza hadi nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Baba, nauli ya ile safari nilikopa kwa shemeji, 2,500. Anza na hiyo. Bado huwa ananikumbusha."

Nilituma 2,500 hapo hapo. Leo asubuhi nimetuma 7,000, na zilizobaki tumekubaliana ni tarehe 5 ya kila mwezi. Mara nne ya Zakayo sijaifikia.