Chevrolet 350 inakata nguvu kwenye 4,700 rpm, nianzie wapi?

Rodi32
Wakuu, naomba mawazo. Injini ni Chevrolet 350 ndani ya Ford ya 1932, gia nne za mkono. Kabureta ni Holley ya 750 (futi za ujazo za hewa kwa dakika) yenye sekondari za vakyumu, yaani milango ya pili inayofunguliwa na mvuto wa hewa. Distribyuta ni HEI (ya kielektroniki), ilichukua nafasi ya ile ya platini, yaani ya kontakti za kimekanika zinazokata umeme wa koili. Kamshafti ni ya tapeti bapa za haidroliki (tapeti ni vipande vinavyosukumwa na nundu za kamshafti), valvu zinafunguka milimita 12. Springi za valvu ni zilezile zilizokuja na silinda hedi. Pampu ya petroli ni ya kimekanika, paipu ni inchi 3/8.

Mpaka 4,500 rpm (mizunguko kwa dakika) inavuta vizuri. Ikifika 4,700 inaanza kukatakata, kama mtu anazima swichi na kuiwasha. Plagi ni mpya, taimingi ya jumla ni digrii 35. Fundi anasema ninunue kabureta kubwa zaidi. Ni kweli?

Bakuli_la_Floti
Usinunue. Piga hesabu: inchi za ujazo 350 mara rpm 6,000, gawa kwa 3,456, unapata 608. Hizo ndizo futi za ujazo za hewa kwa dakika iwapo silinda zingejaa kabisa, na injini ya kawaida hujaa kama asilimia 85, yaani 516. Kabureta uliyonayo tayari imezidi.

Hujasema jambo moja lililo muhimu kuliko yote: inakata kwenye rpm ileile katika kila gia, au inategemea gia? Ukikosa petroli, gia ya kwanza itapita 5,000 bila shida kwa sababu mabakuli ya petroli ya kabureta bado yamejaa na safari ni fupi. Gia ya tatu inavuta muda mrefu zaidi, mabakuli yanakauka, na injini inalegea hata kwenye 4,000. Ukiachia kidogo ikavuta tena baada ya sekunde chache, hiyo ni petroli. Ikikata palepale kwenye gia zote, achana na petroli, shuku moto (cheche za plagi) au valvu.

Sikiliza pia inavyokufa. Petroli ikipungua nguvu inayeyuka polepole, na pengine kabureta inakohoa kwa juu. Moto ukikosekana inakatika ghafla na eksozi inalipuka pa-pa-pa. Valvu zikielea, yaani springi zikishindwa kuzifunga kwa wakati, mngurumo unakuwa butu, rpm inakwama kama imegonga dari, na hairudi mpaka uachie akseleta sana.

GejiKwanza
Kabla ya barabara, zima injini, mtu akanyage akseleta hadi sakafuni, wewe uchungulie kabureta. Kwenye magari ya kuunganisha hivi si ajabu kukuta kebo inafungua robo tatu tu. Kisha bana klipu ya karatasi kwenye fimbo ya diaframu ya sekondari, igusane na sehemu ya chini ya chombo chake. Endesha, kanyaga yote, rudi uangalie. Klipu isiposogea, sekondari hazifunguki.

Halafu funga geji mbili. Ya vakyumu ichukue kwenye manifoldi kwa mpira mrefu hadi ndani ya gari. Ukikanyaga yote, isizidi inchi 1 hadi 1.5 za zebaki hadi juu kabisa. Ikipanda hadi 3 kadiri rpm inavyoongezeka, kuna kitu kinabana hewa: filta, au kabureta isiyofunguka. Ya presha ya petroli iwekwe karibu na kabureta na kubandikwa kwenye kioo cha mbele kwa NJE. Usiingize paipu ya petroli ndani ya gari, hata kwa dakika moja. Psi 6 ni nzuri. Ikishuka chini ya 4 ukiwa umekanyaga, kagua kifuniko cha tenki kama kinapumua, kafilta kadogo kwenye mdomo wa kabureta, na mpira wa upande wa kuvuta. Mpira uliolainika unajikunja kwa ndani wakati wa kunyonya, ukisimamisha gari unauona mzima kabisa.

WayaMwekundu
Mimi nakwenda kwenye HEI moja kwa moja. Umesema ilichukua nafasi ya platini. Waya wa zamani wa koili ya platini ulikuwa wa ukinzani, au ulipitia rezista, ili koili isiungue. HEI haitaki hivyo, inataka volti kamili za betri.

Injini ikiunguruma, pima terminali ya BAT kwenye kifuniko cha distribyuta, kisha pima betri. Tofauti isizidi nusu volti. Na kwa nini tatizo lionekane juu tu? Injini ya silinda nane hutoa cheche nne kila mzunguko. Kwenye 1,000 rpm koili ina milisekunde 15 kwa kila cheche. Kwenye 4,700 zinabaki 3.2. Volti zikiwa pungufu, mkondo unapanda taratibu na koili haiwahi kujaa. Chini muda unatosha, kwa hiyo hutagundua chochote.

Rodi32
Nimepima. Inakata 4,700 kwenye gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, palepale. Vakyumu 0.8, presha 6, haishuki. Klipu imesogea hadi mwisho. Betri volti 14.1, BAT volti 9.7!

Nimeweka rilei: waya mnene kutoka betri kupitia fyuzi, na ule wa zamani sasa unawasha rilei tu. BAT inasoma 13.9. Kukatakata kumeisha, inavuta hadi 5,400. Hapo inakuwa butu na kukwama, na inanibidi niachie hadi kama 4,500 ndipo irudi.

Bakuli_la_Floti
Hizo sasa ni valvu. Springi ya kawaida ya 350 ina kama pauni 80 valvu ikiwa imefungwa kwa kimo cha milimita 43.2, na kama 200 ikifunguka. Haimudu kamshafti yako. Valvu ikielea, tapeti ya haidroliki inajaza pengo kwa oili na kuizuia isifunge, ndiyo maana lazima ushuke sana kabla haijarudi.

Tafuta springi za pauni 110 zikifungwa na 280 hadi 300 zikifunguka. Usizidishe, tapeti bapa itakula kamshafti. Valvu ikiwa wazi kabisa, springi ibakize angalau milimita 1.5 kabla mizunguko yake haijagusana, na nafasi hiyohiyo kati ya kishikio cha springi na sili ya mwongozo wa valvu.

Huna haja ya kutoa hedi. Anza silinda namba 1: pistoni iwe chini kidogo ya kilele kwenye mpigo wa mgandamizo, valvu zote mbili zimefungwa. Ingiza kamba ya nailoni kupitia tundu la plagi, acha ncha nje, zungusha kranki kwa mkono mpaka ikaze. Sasa valvu haiwezi kudondoka, toa roka (mikono inayofungua valvu) ubadilishe springi. Ukimaliza, rudisha kranki nyuma kidogo, toa kamba, sogeza kranki digrii 90 kwa silinda inayofuata: 1-8-4-3-6-5-7-2. Ukitumia hewa ya kompresa badala ya kamba, pistoni lazima iwe kileleni kabisa, la sivyo kranki itazunguka na spana iliyo juu yake itakupiga mkono.

Kaza nati za roka nusu mzunguko baada ya pushirodi (fimbo inayosukuma roka) kuisha mchezo. Kwa stadi ya inchi 3/8 hiyo ni takribani nusu milimita.

GejiKwanza
Roka zikiwa bado zimetoka, weka dayo geji (kipimo cha mshale) juu ya kila pushirodi na uzungushe kranki. Roka huzidisha mwendo mara 1.5, kwa hiyo kila nundu ya kamshafti itoe milimita 8. Ukikuta moja inatoa 7 na nyingine 8, usifunge springi mpya. Hiyo kamshafti imeshalika, na springi nzito zitaimalizia.