Kaka yangu hawezi kukaa kitini kwa daktari wa meno: gesi, vidonge, sindano ya mshipa au nusu kaputi?

MwanaLikoni
Assalamu alaikum na habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii. Ule wa "mwambie ajikaze" tumeshaupata wa kutosha.

Mgonjwa ni kaka yangu, miaka 41, kilo 108. Gego la chini kulia limeoza hadi ndani, daktari kasema halizibiki tena, dawa yake kung'olewa. Mara tatu amefika kliniki na mara tatu ameinuka kitini kabla ya sindano. Atoka jasho, mikono yatetemeka, kioo kikimgusa ulimi ataka kutapika. Presha yake pale kliniki 150/95, nyumbani 130/84. Akoroma sana, na shemeji asema usingizini pumzi hukatika kisha hushtuka. Muguka (majani ya kutafuna, jamii ya miraa) karibu kila jioni. Hana sukari, hana pumu, hana mzio wa dawa.

Kliniki moja imetutajia bei ya gesi, nyingine ya sindano ya mshipa. Duka la dawa wamesema tununue vidonge vya kutuliza vya diazepam tu tumalize. Ipi inamfaa, na tuulize nini kabla hatujalipa?

TabibuGego
Wa alaykum salaam ndugu. Tuanze na jambo ambalo watu hulichanganya kila siku: dawa ya kutuliza hofu haichukui nafasi ya ganzi. Gesi hupunguza maumivu kidogo, midazolam, yaani dawa ya ile sindano ya mshipa, haipunguzi kabisa. Vyovyote mtakavyochagua, sindano ya ganzi ipo palepale. Kinachobadilika ni kwamba atakuwa ametulia wakati wa kuchomwa. Wengi hulipia sindano ya mshipa wakidhani wamekwepa ile ya fizi.

Kwa maelezo yako, kinachoamua ni koo na pumzi yake. Hofu yafuata nyuma. Kilo 108, kukoroma na pumzi kukatika usingizini maana yake njia yake ya hewa huporomoka misuli ikilegea, na midazolam huilegeza misuli. Mtu kama huyo sindano ya mshipa asipewe kwenye kliniki ya chumba kimoja. Akipewa, iwe hospitali yenye daktari wa usingizi pembeni yake.

Gesi ndiyo ningeanza nayo: haizimi pumzi, huondoka mwilini kwa dakika chache, na huwatuliza sana wanaotapika kifaa kikigusa ulimi. Ila ina sharti moja, apumue kwa pua. Mjaribuni leo hii nyumbani: afunge mdomo dakika tatu, kisha azibe tundu moja la pua, halafu la pili. Akihangaika, gesi haitamfikia hata mashine iwe mpya namna gani.

MwanaLikoni
Shukran daktari. Amejaribu. Kushoto kunapita vizuri, kulia kunabana kidogo. Hana mafua.

TabibuGego
Hiyo yatosha. Mafua yakimpata wiki hiyo, ahirisheni.

FundiMitungi
Kuhusu gesi yenyewe, mjue kinachofanyika ili mtambue mhudumu anayekimbiza kazi.

Twaanza na oksijeni tupu dakika mbili tatu, lita 5 hadi 7 kwa dakika kwa mtu mzima. Tazameni ule mfuko wa kupumulia. Ukinywea, hewa ni kidogo. Ukivimba kama puto, imezidi. Kisha naitrasi, ndiyo gesi yenyewe ya kutuliza, yaongezwa: asilimia 10, asubiri dakika moja, asilimia 10 tena, halafu 5, 5. Wengi hutulia kati ya 30 na 40, na huvuka 50 kwa nadra. Mashine nzuri hairuhusu oksijeni ishuke chini ya asilimia 30, na oksijeni ikikatika naitrasi hujifunga yenyewe. Ulizeni kama kifungio hicho kipo na kama kimejaribiwa.

Dalili kwamba imefika: vidole vyawasha kama ganzi ya baridi, mwili wahisi joto, anapepesa macho polepole, mabega yashuka. Dalili kwamba imezidi: kichefuchefu, jasho, chumba chazunguka, na mdomo kujifunga wenyewe kila mara. Hiyo ya mwisho ndiyo sababu hatupendi kumwekea kigingi cha kuachamisha mdomo anayepewa gesi, maana twapoteza king'ora cha bure.

Mwisho wa kazi sharti oksijeni tupu tena, dakika 5. Ikirukwa, naitrasi inayotoka damuni hufurika kwenye mapafu na kuisukuma oksijeni kando, naye ataondoka na kichwa kinachogonga.

Jambo moja la kiufundi, samahani kwa wasiolitaka. Naitrasi mtungini ni majimaji. Geji husimama palepale, karibu 50 baa kwenye nyuzi 20, na juu zaidi kwa joto letu la Februari, hadi majimaji yote yaishe ndipo huanguka ghafla. Kwa hivyo anayesema "geji imejaa" hajakwambia kitu. Mtungi hupimwa kwa mizani. Wa oksijeni ndio geji yake husema kweli.

Na stima ikipotea, mashine ya gesi haijali. Inayokufa ni ile ya kunyonya mate na damu. Ulizeni jenereta.

Mkaaji_Tononoka
Mnamzungusha bure. Diazepam mbili usiku, mbili asubuhi, anafika kliniki kama mtoto mchanga. Na gesi lazima afunge kula tangu usiku, si ndiyo?

MfamasiaZamu
Hapana, ndugu yangu, kwa yote mawili.

Diazepam kwa mtu mzima mwenye afya daktari huandika miligramu 5 usiku, na 5 hadi 10 saa moja kabla ya kazi. "Mbili" haina maana hadi ujue kidonge ni cha 2, cha 5 au cha 10, na vyote vipo sokoni. Tatizo la kidonge ni kwamba huwezi kukipima kikiwa tumboni. Mmoja hulala fofofo, mwingine dakika arobaini hasikii kitu, anaongeza, kisha vyote viwili vinapanda pamoja akiwa kwenye matatu. Na diazepam haitoki haraka, nusu yake yaweza kuwa mwilini kesho yake au kesho kutwa. Kwa huyu anayekatika pumzi usingizini, kumpa ya usiku alale nayo peke yake ndiyo hatari kuliko ile ya kitini. Kisheria pia ni dawa ya cheti. Duka linaloitoa kama pipi likimbieni.

Asichanganye dawa hizi na pombe, kodini, tramadoli, wala methadoni. Anayekunywa methadoni (dawa ya wanaoacha heroini) aseme wazi, hakuna wa kumhukumu, maana midazolam juu yake huzima pumzi.

Muguka sasa. Huo huenda upande wa pili: huamsha moyo na kupandisha presha, na dawa ya ganzi ina adrenalini ndani yake. Kichupa cha mililita 2.2 cha lidokeini asilimia 2 kina miligramu 44 za lidokeini, na adrenalini moja kwa 80,000. Kwa kawaida kiasi hicho ni kidogo, ila juu ya muguka moyo waweza kwenda mbio. Aache tangu asubuhi ya siku iliyotangulia. Na aambiwe mapema kwamba hata bila muguka moyo huweza kudunda kwa dakika moja mbili baada ya sindano. Asiyejua hilo hudhani anakufa, anaruka kitini, safari ya nne imeharibika.

Kufunga: gesi haihitaji. Ale chakula chepesi muda wa saa mbili kabla, si pilau. Sindano ya mshipa ndiyo vyakula huachwa muda wa saa sita na maji matupu muda wa saa mbili kabla. Naandika "muda wa" kwa makusudi, kwani ukimwambia mtu "saa mbili kabla" kuna atakayekunywa chai mpaka saa mbili asubuhi.

NesiWaTheata
Naongeza upande wa sindano ya mshipa, kwa sababu wengine watausoma uzi huu na hawana tatizo la koo.

Midazolam huja kwa nguvu tofauti, na hapo ndipo ajali hutokea. Kuna ampuli ya miligramu 5 ndani ya mililita 5, na kuna ya miligramu 15 ndani ya mililita 3. Ya pili ni kali mara tano kwa kila mililita. Aliyezoea ya kwanza akavuta ya pili bila kusoma, mililita mbili tu ni miligramu 10 badala ya 2. Kwa kliniki, ile kali huongezwa maji ya chumvi mililita 12 iwe 15, ndipo kila mililita ni miligramu moja, na bomba lapachikwa lebo hapo hapo. Hutolewa miligramu 1 hadi 2 kwa muda wa dakika mbili, asubiri dakika mbili nyingine amtazame, kisha nusu au moja moja. Mzee huanziwa na nusu miligramu. Anayesukuma 5 kwa mpigo anabahatisha.

Ulizeni hivi, kwa adabu lakini msione haya. Nani atatazama pumzi wakati daktari ana mikono mdomoni? Jibu likiwa "mimi mwenyewe", ondokeni. Flumazenili ipo, na tarehe yake haijapita? Hiyo ndiyo dawa ya kumrudisha: maikrogramu 200 kwanza, kisha 100 kila dakika hadi miligramu moja. Lakini huisha mwilini kabla ya midazolam, kwa hivyo aliyepewa hakai nusu saa akaenda zake, huweza kuzama tena. Mwisho, barakoa na mfuko wa kumpulizia hewa viko chumbani humo, au vimefungiwa kabatini kwa meneja?

Leseni ya kliniki na ya daktari hutolewa kila mwaka na KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno Kenya, na rejista yao yasomeka mtandaoni. Hilo angalieni nyumbani.

BintiKibokoni
Naomba kudandia. Binti yetu ana harusi, atawekwa piko vidole vyote, na jino la hekima linamsumbua. Akitulizwa kwa sindano kile kipimo cha kidoleni kitasoma?

NesiWaTheata
Swali zuri mamangu, na wengi hulisahau. Piko jeusi huzuia mwanga wa oksimita. Mashine hukosa kusoma au hutoa namba za uongo. Hina nyekundu mara nyingi haina neno. Ama atibiwe kabla ya kuchorwa, ama aachiwe kidole kimoja kitupu bila piko wala rangi ya kucha, ama kitumike kipimo cha ndewe ya sikio. Awaambie mapema wasianze kuhangaika naye kitini. Namba ya oksijeni twaitaka asilimia 95 kwenda juu. Ikishuka chini ya 90 kazi husimama, kidevu chainuliwa, anaambiwa avute pumzi.

BabaWaWatatu
Na mtoto wa miaka 5, magego sita mabovu, anapiga mateke?

TabibuGego
Sita kwa mkupuo ni nusu kaputi hospitalini, siku moja, yaishe. Midazolam ya kunywa kwa watoto ni nusu miligramu kwa kila kilo, lakini ni chungu mno, hutosha kazi ya dakika ishirini tu, na baadhi ya watoto huwageuka wakawa wakali kuliko mwanzo. Kama ana sikoseli, mtaje kabla ya yote. Upungufu wa oksijeni ndio adui wake, daktari wa usingizi sharti ajipange.

Nirudi kwa MwanaLikoni. Mpango wangu ungekuwa hivi. Ziara ya kwanza gesi tu, hakuna kung'oa: avae barakoa ya pua, afike asilimia 30, daktari aguse jino kwa kioo, wakubaliane kwamba akiinua mkono wa kushoto kila kitu kinasimama. Na kisimame kweli, kwa sababu mkono ukiinuliwa mara moja ukapuuzwa, imani imekwisha. Ziara ya pili asubuhi, awe wa kwanza, asikae benchi akisikiliza drili ya mwenzake. Jeli ya ganzi kwenye fizi iliyokaushwa, dakika 2 hadi 3. Kisha sindano polepole, mililita moja kwa dakika. Wengi wanaolalamika "sindano inauma" wameumizwa na kasi ya dawa kuliko ncha. Wasubiri dakika 5 hadi 10, na mdomo wa chini upande wa kulia uwe mzito wote, hadi katikati ya kidevu. Usipokuwa mzito, asiguswe.

Aambiwe pia kwamba ganzi huondoa maumivu, haiondoi kusukumwa wala mlio. Gego la chini likilegea husikika kama ukuni unaovunjwa ndani ya sikio. Avae spika za masikioni, lakini moja tu, amsikie daktari.

Jino likiwa na usaha, ganzi hushika vibaya, kwani tishu yenye uambukizo ina asidi. Huenda ikabidi usaha utolewe kwanza. Na akivimba chini ya taya, akashindwa kumeza au kuachama, au homa ikapanda, mambo ya gesi yaacheni, mpelekeni hospitali ya Coast General usiku huo huo.

Presha ya 150/95 isiwatishe. Twaahirisha ikifika 180/110.

MwanaLikoni
Allah awalipe nyote. Tumeamua gesi, ziara mbili. La mwisho: kliniki iko Ganjoni, kisiwani Mombasa, sisi ng'ambo, Likoni. Feri anaweza? Na muguka arudi lini?

NesiWaTheata
Kwa gesi, baada ya zile dakika 5 za oksijeni akae sebuleni robo saa hivi, atembee mstari ulionyooka, kisha mwende. Feri hana shida nayo mkiwa wawili. Ingekuwa midazolam ningekataa asimame kwenye msongamano wa rampu, afadhali gari lizunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Na simu yake ungeishika wewe hadi kesho yake, maana mtu huongea vizuri, hutuma pesa, na asubuhi hakumbuki alimtumia nani.

Muguka asahau kwa wiki moja. Pamba aiume nusu saa, asisukutue saa 24 za kwanza. Lile donge la damu shimoni ndilo kifuniko cha mfupa, na tonge la majani shavuni hulichokonoa. Likitoka, siku ya tatu atapata maumivu yanayopanda hadi sikioni, kuliko ya jino lenyewe. Hilo likitokea arudi kwa daktari, shimo lioshwe na kuwekwa dawa. Asinunue antibiotiki, hazilitibu.