Tupeane uzoefu: uliwezaje kusali wakati moyo umejaa mtu mmoja?

Ndugu zangu, nilimpenda mtu kwa miaka minne, na katika mwaka wa mwisho, alipokwisha kumpata mwenzake, nilianza kuamka usiku wa manane kusali. Nilidhani nimemrudia Mungu. Baadaye nilitambua kwamba sala zile hazikuwa na kitu ila jina lake, pamoja na ombi kwamba yule mwanamke aondoke. Mimi hutenganisha wivu, ambao ni hofu ya kunyang'anywa kilicho chako, na husuda, ambayo ni kuchukia kwamba mwingine amejaliwa. Mimi nilikuwa na vyote viwili, tena juu ya mtu ambaye hakuwahi kuwa wangu. Naomba waliopitia hali hii wanieleze: mlijuaje kama mnamtafuta Mungu au mnamtafuta mtu yule yule kwa njia nyingine?

Mchangiaji wa kwanza:
Dada, mimi ni mwanamume niliyeoa, na wivu wangu ulikuwa wa namna ambayo ninaona haya kuitaja. Mke wangu alijiunga na kikundi cha sala, akawa anarudi na furaha ambayo sikuwa nimempa mimi, nami nikamkataza kwenda, nikisingizia kazi za nyumbani. Wakati huo nilisoma habari za Jalaluddin Rumi, mwanazuoni wa Kiislamu na mshairi wa mji wa Konya, Uturuki ya leo, ambaye mwaka 1244 alikutana na Shams wa Tabriz, sufi aliyekuwa akisafiri huku na huko, akaacha kufundisha ili akae naye. Wanafunzi wake walishikwa na wivu mkali hata Shams akaondoka kwenda Dameski. Alirudishwa, lakini baada ya muda alitoweka kabisa. Rumi alikwenda Dameski kumtafuta asimpate, na mwanawe ameeleza kwamba huko ndiko alikomkuta Shams ndani ya nafsi yake mwenyewe. Wengi husifu mapenzi ya Rumi, lakini mimi nilijiona katika wale wanafunzi: walimpenda mwalimu wao kiasi cha kutaka asipate nuru mahali pengine popote, na kwa kumfukuza Shams walimpata mwalimu mwenye majonzi. Mke wangu naye alibaki nyumbani kama nilivyotaka, ila alikuwa kimya. Ilinichukua miezi mitano kumwomba radhi. Amerudi kwenye sala zake, na bado kuna jioni ninapomsubiri huku moyo ukinichoma.

Mchangiaji wa pili:
Ninaona umejihukumu mno, dada yangu. Mkumbuke Hana katika kitabu cha kwanza cha Samweli, aliyechokozwa na mke mwenza mwaka baada ya mwaka, akaingia hekaluni akilia kwa uchungu, midomo ikitikisika pasipo sauti, hata kuhani Eli akamdhania amelewa. Hakusubiri moyo wake utakate ndipo asali. Alikwenda na uchungu ule ule, akasikilizwa. Mimi pia nilimlilia Mungu kwa ajili ya mwanamume, usiku baada ya usiku, mpaka usiku mmoja maneno yakaniishia katikati ya ombi. Nilikaa hapo hapo bila kusema lolote, na kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba sikuwa peke yangu chumbani. Yule mtu hakurudi.

Mchangiaji wa tatu:
Kwangu sala haikusaidia mpaka nilipoacha kufuatilia habari zake kila siku. Nilikuwa nafunga mchana, usiku natazama picha zake.

Mleta mada:
Nimesoma yote, na ninawashukuru kwa ukweli wenu. Kaka, umenifanya nifikirie kwamba huenda yule ninayemlilia naye alihitaji kupata furaha mahali nisipokuwepo mimi. Dada, jana usiku nilimkumbuka Hana, nikasali nikiwa na uchungu wangu wote, nikamtaja yule mwanamke kwa jina lake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Kumwombea mema sikuweza. Nilimtaja tu, kisha nikanyamaza kwa muda mrefu.