Nguvu kazi ya maskini: ni ushirikiano, au kodi kwa jina lingine?

Mleta mada:
Wadau, kila kiongozi husema serikali na wananchi washirikiane kuondoa umaskini. Nani apinge? Ugomvi wangu uko kwenye utekelezaji. Mkutano unaitishwa wakati ramani imeshachorwa na bajeti imeshapitishwa, mnabaki kunyoosha mikono tu. Kisha mnapangiwa siku za kuchimba mtaro. Mwenye duka anatoa faini, yamekwisha. Anayeishi kwa kibarua akishinda mtaroni, jioni jiko lake haliwaki. Kwenye daftari wote wamechangia siku moja.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hapo unatetea utegemezi. Korea Kusini, kuanzia 1970, serikali ilivipa vijiji zaidi ya 33,000 mifuko 335 ya saruji kila kimoja. Sharti: itumike kwa kazi ya kijiji kizima, marufuku kugawana. Awamu iliyofuata, vijiji vilivyofanya vizuri, karibu nusu, vikaongezewa mifuko 500 na tani moja ya chuma. Waliolala hawakupata kitu. Watu wakaamka!

Mleta mada:
Mfano wako unanibeba mimi. Saruji ilitangulia jasho. Serikali ilitoa chake kwanza. (Tusisahau pia kwamba ni enzi za Park Chung-hee, mwanajeshi aliyeingia kwa mapinduzi. Kujitolea chini ya utawala wa namna hiyo sijui tukuite hiari.) Na ile nusu iliyokosa, una hakika ni wavivu? Huenda ndiko walikokuwa wengi wa vibarua ninaowasemea. Mimi naona Kerala, India, walianzia mahali pazuri zaidi: 1996 jimbo liliamua kuzipa serikali za mitaa asilimia 35 hadi 40 ya fedha za mpango wa maendeleo, na wananchi wakakaa vikao kupanga vipaumbele. Unachangia jambo ulilolipanga mwenyewe.

Mchangiaji wa pili:
Fedha zikishuka, walaji nao wanashuka nazo. Orodha ya maskini wa kupewa msaada ikiandikwa kijijini, wa kwanza ni shemeji wa mwenyekiti.

Mleta mada:
Hofu hiyo ninayo pia. Lakini Indonesia watafiti walijaribu kwenye vitongoji 640. Kwingine serikali ilitumia vigezo vyake vya mali na makazi, kwingine majirani walikaa wakapanga kaya, kuanzia maskini kabisa hadi mwenye nafuu. Kwa kipimo cha matumizi ya kaya, vigezo vya serikali vililenga vizuri kidogo zaidi. Ila majirani walipopanga, manung'uniko yalipungua, na watafiti hawakuona ushahidi kwamba vigogo waliteka orodha. Jina likisomwa mbele ya watu, shemeji huyo ataitetea vipi nyumba yake ya kupangisha?

Ila swali la kibarua mmelikwepa wote wawili. Siku yake ya mtaroni, nani anailipa?