Hilux manyueli ao otomatiki kwa njia ya Kamituga, munachagua gani?

mwana_panzi
Bakubwa salamu. Niko natafuta pikapu ya kazi, okazioni, kabine mbili, na nimebakia na mbili tu machoni. Zote ni Hilux 3.0 D-4D ya mazutu, ile ya moteri 1KD, miaka inakaribiana, zote 4x4. Moja ni manyueli ya vitesi 5, imetumika hapa hapa Bukavu, tole imegongwa kidogo lakini vitesi vinaingia muzuri. Ya pili ni otomatiki ya vitesi 4, imeingia kupitia Dubai, ndani safi kabisa, na mwenyewe anapunguza bei juu anasema batu ba hapa banaogopa otomatiki. Kazi yangu ni kupandisha bidhaa Walungu, Mwenga mpaka Kamituga, ni kama kilomita 180 lakini mwenye anajua ile njia anajua kama wakati wa mvua kilomita hazina maana. Kurudi napakia mafuta ya ngazi, saa ingine mbao. Siku zenye haisafiri bibi yangu anaipeleka na watoto masomo Nguba. Sasa otomatiki itaweza yale matope ao nikamate manyueli nisahau? Musiniambie "inategemea", nataka mutu aseme.

shofere_ngomo
Manyueli. Nimesema.
Bon, nieleze kidogo. Mimi nafanya Uvira, napita mulima wa Ngomo, pale kwenye kuteremuka na muzigo hauamini freni, unaamini moteri. Unatia vitesi ya pili ukiwa bado juu, moteri inashika gari, mguu unagusa freni mara moja moja tu, kushota mulima, kuume shimo lenye hauoni mwisho. Na otomatiki bashofere bengi banaacha kwenye D banasema itajipanga yenyewe, haijipangi, inapanda vitesi na gari inakimbia, banakanyaga freni mpaka inanuka halafu pedali inaenda chini tupu. Hiyo harufu kila mutu wa ile njia anaijua.

mama_kadutu
Aksanti shofere lakini hapo unasema mabaya ya shofere, haukusema ya gari. Ata otomatiki iko na 2 na L, unavuta mukono pale unateremuka na moteri vile vile. Kama mutu hajui iyo ni shida ya mutu.
Mimi niko na pikapu mbili, siendeshi, naajiri. Ile ya manyueli kila shofere mupya alikuja na mguu wake, mwingine anapumzisha mguu juu ya ambreyaji safari yote, mwingine akifika kwenye mulima anashikilia gari na ambreyaji badala ya freni ya mukono, disiki inaisha, nanunua kit ya ambreyaji muzima, disiki, plato na bute (rulema yenye kusukuma ambreyaji), na gari inalala garaji siku zenye haileti kitu. Ya otomatiki haina kitu ya kuunguza kwa mguu. Inaniletea franga na mimi nalala usingizi. Lakini yangu haiendi Kamituga, inabeba vinywaji humu mjini, Kadutu, Panzi, mbali kabisa ni Kavumu, hapo siwezi kudanganya.

makanisie_essence
Mwana Panzi, bote babili banasema kweli na ndiyo maana utabaki na kichwa inauma. Acha niongee kama mutu mwenye kufungua hizi bwati za vitesi.

Kwa otomatiki, kati ya moteri na bwati hakuna disiki ya ambreyaji, kuko konvertisere, ni mafuta njo inasukuma. Ukianza kupanda na muzigo, konvertisere inazidisha nguvu yenye kutoka kwa moteri, kwa gari nyingi inafika karibu mara mbili pale mapine hayajazunguka bado. Ndiyo maana otomatiki inaondoka kwenye mulima polepole bila kuruka, na katika matope mapine hayazunguki bure kwa haraka. Kwa kuondoka tu, otomatiki inashinda, ata bashofere ba manyueli bakatae.

Lakini ile nguvu hailetwi bure. Mafuta ikizunguka hivyo bila gari kutembea inapata moto. Kawaida ya mafuta ya bwati ni digrii 80 mpaka 95 hivi, ikipita 120 na ikae pale inaanza kuharibika, inageuka kahawia, inanuka kuungua, na kuko badisiki badogo ndani ya bwati inaanza kuteleza. Sasa fikiria Kamituga: lori imelala mbele yako, unasukuma mita tano unasimama, mita tano unasimama, katikati ya matope, hakuna upepo kwenye radiatere, na umeibebesha kupita kiasi (usiniambie hautaibebesha, nakujua). Iyo njo inaua otomatiki, mulima hauiui. Dawa iko: tia krabo ya L4 (mapine yote ine, mwendo wa polepole) mapema, usingoje ukwame. Kwenye L4 mapine yanapata nguvu na konvertisere inateseka kidogo tu. Bengi banaingia matope na H2 (mapine mbili tu) juu ya kiburi.

Manyueli nayo inaungua, naona ambreyaji zenye kuungua mingi sana kuliko bwati za otomatiki zenye kufa. Tofauti ni hii. Ambreyaji ikiisha Mwenga, utapata kijana wa kuteremusha bwati chini ya muti, na kit ya ambreyaji ya Hilux inapanda na pikipiki kutoka Bukavu. Bwati ya otomatiki ikifa Mwenga, unatafuta lori ya kubeba pikapu nzima, halafu hapa Bukavu utapata batu ba kuibadirisha na okazioni ingine yenye haujui ilitumikaje, ba kuifungua na kuitengeneza kweli ni bakuhesabu.

Na neno moja haukuuliza: angalia bainjekteri mbele ya bwati. 1KD iko na ugonjwa wake, baronde ba shaba chini ya injekteri bakianza kupitisha moshi, makaa inaingia ndani ya mafuta ya moteri, inaziba krepini (chujio ya mafuta) pale chini, moteri inakosa mafuta. Ikigonga asubuhi ingali baridi, kimbia, manyueli ao otomatiki.

kaka_himbi
Natoka Goma. Huku njia ni mawe ya volkano, ni mapine na baamortisere njo vinalia, bwati haina shida sana ndani ya mji juu ni tambarare, na ambuteyaji ya kutoka Birere ikianza unashukuru otomatiki mpaka mguu wa kushoto. Lakini kupanda Sake kwenda Masisi wakati wa mvua sijaona mutu wa otomatiki mwenye kucheka.
Batu mumesahau batri. Manyueli batri ikikufa unatia vitesi ya pili batoto banasukuma, inawaka. Na Bukavu yenyewe ni mulima tupu, hauombi ata batoto. Otomatiki haiwaki kwa kusukuma, pompe ya mafuta ya bwati inazungushwa na moteri, moteri ikisimama hakuna presio, mapine hayawezi kuzungusha moteri. Ukikosa kable na jirani, unalala pale.

lushois_79
Jamani muko nyuma kidogo, musikasirike. Miye ni wa Lubumbashi, natumika na bamine, hapa mambo imebadirika. Zamani ilikuwa Land Cruiser 79 ya 1HZ, lita 4.2, vitesi 5 vya mukono, mwisho. Leo ata 79 yenyewe Toyota imeitoa na moteri 2.8 pamoja na otomatiki ya vitesi 6, tangu 2023. Na Hilux 2.8 ya tangu 2020, manyueli inapewa nguvu ya kuvuta ya Nm 420, otomatiki inapewa 500. Yaani Toyota mwenyewe nguvu yote ameipa otomatiki. Ranger ya bi-turbo iko na vitesi 10, miye nimeendesha Kolwezi na kurudi, mazutu haikunipita manyueli ata kidogo. Ile hadisi ya "otomatiki inakula" ni ya zile bwati za vitesi 4.

shofere_ngomo
Yaya wa Lubumbashi, njia ya Kolwezi ni kaburimbo! Na zile gari mupya nani atainunua hapa, mutoto ameuliza juu ya okazioni ya vitesi 4, na wewe unamuletea Ranger ya vitesi 10. Kwa hizo mbili zake nguvu ni sawa, 3.0 ile ni Nm 343 manyueli ao otomatiki.

lushois_79
Kaburimbo sawa, lakini ndani ya mine sio kaburimbo bwana. Na kule garaji iko karibu, piesi iko, nakubali. Kwa vitesi 4 nanyamaza.

mwana_panzi
Munanisaidia mingi. Makanisie, kama nakwenda kuziangalia zote mbili, naangalia nini bila kufungua kitu? Ile ya Dubai inanivutia bado, bei yake iko nzuri kweli.

makanisie_essence
Manyueli: vuta freni ya mukono, tia vitesi ya tatu, achilia ambreyaji polepole. Moteri lazima izimike palepale. Ikiendelea kulia gari imesimama, disiki imekwisha. Kisha tembeza, teremuka mulima, achilia gaz halafu ukanyage tena ghafla, vitesi ikijirukia kutoka, bwati imechoka. Sikiliza na bute: ikilia ukikanyaga pedali na kunyamaza ukiachilia, ni yeye.

Otomatiki: ufike ikiwa baridi, mwenyewe asiiwashe mbele. Ile ya vitesi 4 iko na joji (kijiti cha kupimia) ya mafuta ya bwati. Iwashe, ipate moto, mguu kwenye freni upitishe mukono pole pole P mpaka L na kurudi, uvute joji moteri ingali inazunguka, upanguse na kitambaa nyeupe. Nyekundu yenye kupenya mwangaza, sawa. Kahawia na harufu ya kuungua, uache. Ikiwa kama maziwa, maji imeingia, uache mbio. Kisha kutoka N kwenda D hesabu kichwani, ikikawia kama sekunde mbili ndiyo ishike na ikaruka, bwati inakuaga. Mara nyingi aina ya mafuta imeandikwa kwenye joji yenyewe, usikubali mutu atie ingine yoyote juu ni nyekundu.

Na gari ya Dubai imezoea joto na lami, hakuna mutu atakuonyesha kama mafuta ya bwati yamebadirishwa ata mara moja. Kwa Kamituga ni manyueli. Kama ungeniambia mji na Kavumu tu kama mama Kadutu, ningekuambia otomatiki bila kusita.

mama_kadutu
Na akikamata manyueli aajiri shofere mwenye kujua kazi, na konvoyeri (musaidizi wa shofere) wa kutia kale, jiwe ao muti, nyuma ya tairi haraka. Konvoyeri muvivu njo anamaliza ambreyaji, juu shofere anaogopa kuachilia gari irudi nyuma.

mwana_panzi
Bibi amesoma hii yote, amecheka, anasema yeye alijifunza kuendesha na manyueli katika milima hii hii, tusimufanye sababu ya kununua otomatiki. Basi ni ile ya hapa. Makanisie, samedi asubuhi naweza kukuletea?

makanisie_essence
Hapana, ikitembea itafika na moto. Nitakuja mimi pale inalala saa moja, ingali baridi, sitaki iwashwe mbele. Na uje na mwenye gari mwenyewe, komisionere abaki nyumbani.