Eksirei hapa Texas: komuniti koleji au chuo binafsi cha miezi kumi?

MamaIlham
Wakubwa shikamoo, wengine habari za kazi. Niko Arlington, Texas, nafanya CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Kunyanyua watu kumeniumiza mgongo na nimeamua kusomea eksirei. Nina green card, kidato cha sita nilimaliza Tanga, PCB. Kuna vyuo viwili mezani. Kimoja ni komuniti koleji: miaka miwili, lakini kwanza nisome masomo ya awali, halafu nishindanie nafasi na wenzangu. Kingine ni chuo binafsi: miezi kumi, naanza mwezi ujao, na dada wa usajili ananipigia karibu kila siku akisema nikimaliza napata leseni ya Texas. Mume wangu anaona hiki cha pili ndicho. Halafu tuna watoto wawili na bado tunataka wa tatu, sasa mionzi nayo inanitia hofu. Naombeni ushauri.

BiSalma_FW
Marahaba mdogo wangu. Mimi napiga eksirei hospitalini Fort Worth, na kabla ya hapo nilikuwa CNA kama wewe, kwa hiyo nivumilie nikueleze kwa kirefu.

Muulize huyo dada wa usajili: leseni ipi? Texas inazo mbili. Kuna leseni kamili, na kuna ile yenye mipaka, LMRT. Hii ya pili inakuruhusu kupiga sehemu fulani tu za mwili, kama kifua, uti wa mgongo au mikono na miguu, kulingana na ulichofaulu. Kazi yake iko zaidi kwenye kliniki za madaktari. Ni kazi halali na wapo wanaoishi nayo vizuri. Lakini hospitali nyingi zinataka uwe umesajiliwa na ARRT, bodi ya kitaifa ya wapiga eksirei, na tangu Januari 2015 huwezi kukaa mtihani wa ARRT bila digrii, angalau ile ya miaka miwili, pamoja na mafunzo kwenye programu wanayoitambua. Kwa kawaida miezi kumi ya LMRT haihesabiwi huko. Ukitaka kupanda baadaye, unaanza upya, na deni la kwanza bado liko mgongoni.

Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote, ingia tovuti ya JRCERT, ndio wanaotoa ithibati kwa programu za eksirei Marekani, utafute jina la chuo. Kila programu yenye ithibati inalazimika kutangaza takwimu zake: wangapi wanafaulu mtihani wa ARRT mara ya kwanza, wangapi wanapata kazi, na wangapi wanamaliza. Wengi wanaangalia ufaulu peke yake. Wewe anza na hiyo ya kumaliza. Darasa likianza na watu 20 wakabaki 9, hao 9 wakifaulu wote chuo kitaandika asilimia mia, na wale 11 hutawaona kwenye bango lolote. Wengi wao huwa ni watu kama sisi, wenye watoto na zamu za usiku, na wameshalipa ada.

Hapo ndipo penye jambo lako hasa. Mafunzo ya vitendo hospitalini huwa mchana. Kanuni za JRCERT zinataka saa za jioni na wikiendi zisifike robo ya saa zote za vitendo, na darasa na hospitali kwa pamoja visizidi saa 40 kwa wiki bila hiari yako. Maana yake utatoka zamu saa moja asubuhi na saa hiyohiyo unatakiwa uwe umevaa aproni ya risasi, ile ya kukinga mionzi, chumba cha eksirei. Mwombe mkurugenzi wa programu akupe ratiba ya mwaka mzima, na akwambie hospitali watakazokupeleka ziko umbali gani. Ukiwa na ratiba mkononi, kaeni na shemeji mpige hesabu: nani anapeleka watoto, zamu ngapi utapunguza. Hesabu hiyo ndiyo iamue, si simu za usajili.

Jambo moja zaidi uulize: picha ikiharibika, nani anasimama na mwanafunzi wakati wa kuirudia? Jibu sahihi ni kwamba lazima mtaalamu mwenye usajili awepo, hata kama umeshapita kipimo hicho. Wakibabaika hapo, ondoka. Kuna bibi alikuja kwangu na nyonga imevunjika. Kumpiga picha tena kwa sababu ya uzembe ni kumpa maumivu mara mbili na mionzi mara mbili.

Kimaro_Plano
Naongezea la hela. Arlington iko kaunti ya Tarrant. Ukisoma Tarrant County College unalipa ada ya mkazi wa kaunti, ukivuka kwenda Dallas College ada inapanda, ingawa ni mwendo wa gari tu. Na vyeti vyako vya NECTA vipeleke mapema kufanyiwa tathmini, ila uliza kwanza chuo kinakubali tathmini ya nani. Biolojia ya PCB itakusaidia sana kwenye anatomia.

MamaIlham
Asanteni sana, mmenifumbua macho. Bi Salma, na ujauzito je?

BiSalma_FW
Utavaa beji ya kupima mionzi kwenye kola, nje ya aproni. Ukishika mimba, kutangaza ni hiari yako, kwa maandishi, na chuo hakiwezi kukulazimisha. Ukitangaza, unapewa beji ya pili ya kuvaa tumboni, chini ya aproni, na kikomo cha mionzi kwa mtoto ni milisivati 5 kwa ujauzito mzima. Kwa mfanyakazi wa kawaida ni 50 kwa mwaka. Programu yenye ithibati lazima iwe na sera hii imeandikwa, na lazima ikuruhusu kuendelea bila kubadilishiwa chochote ukitaka hivyo. Omba uisome. Mimi nilifanya kazi nikiwa na mimba ya mwanangu wa mwisho, nikikaa mbali na mashine ya theatre kila nilipoweza, na usomaji wa beji ya tumboni ulikuwa mdogo mno.

Wiki hii jiandikishe aljebra na anatomia ya kwanza, hizo karibu kila programu kamili inazitaka. Ratiba ukiipata, iweke hapa tuiangalie.